Kerege: Anayeingia na Anayetoka

Ukishaipita Bunju, Barabara ya Bagamoyo inaanza kupumua. Mabango ya viwanja yanazidi ya biashara nyingine zote: kiwanja chenye hati, kiwanja cha kulipa kidogo kidogo, kiwanja karibu na bahari, ingawa bahari yenyewe huioni. Mapinga, kisha Kerege. Mikorosho imebaki katikati ya kuta za matofali ambazo ndani yake bado hakuna nyumba. Ardhi ni nafuu kuliko mjini, kelele ni chache, na Dar es Salaam haiko mbali. Ukanda huu hadi Bagamoyo umevutia shule za bweni, nyumba za mafungo, na nyumba za kutunzia watu ambao familia zao zimeshindwa kuishi nao. Za waraibu wanaoacha unga serikali huziita nyumba za upataji nafuu. Mtaani ni soba hausi. Za wagonjwa wa akili ni chache, na niliyoingia mimi haikuwa na bango lolote.

Nilifuatana na rafiki aliyekuwa akimtembelea kaka yake. Siitaji nyumba hiyo, kwa kuwa nilikaribishwa kama mgeni, si mkaguzi. Vitanda vilikuwa na vyandarua, choo kilikuwa kisafi, uji ulikuwa na sukari. Hayo nayapita haraka. Ndiyo yanayoandaliwa mgeni akitarajiwa. Salamu ndiyo haiandaliki. Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akimpita mkazi mwenye mvi aliyekuwa anaongea peke yake chini ya mwembe. Akasimama. "Shikamoo mzee." Mzee akayakatisha maongezi yake, akaitikia marahaba, akaendelea alipoishia. Nimewahi kukaa katika wodi moja, sitasema ya wapi, ambako mtu wa umri ule aliitwa "we chizi" na binti anayeweza kuwa mjukuu wake, na hakuna aliyegeuza shingo.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa zana ya kupima ubora na haki katika vituo vya aina hii: hali ya maisha, matibabu, ridhaa ya mgonjwa, usalama dhidi ya ukatili, na nafasi ya kurudi kuishi katika jamii. Ni zana nzuri. Mimi katika pwani hii ningeanza kwa kuangalia nani anamwamkia nani.

Halafu ningesikiliza malalamiko kuhusu dawa. Mkazi mmoja alimwambia muuguzi kwamba sindano ya mwezi inamkaza shingo na mikono haitulii. Dawa za zamani za saikosisi hufanya hivyo, na dawa ya madhara hayo ipo: kupunguza dozi, kubadilisha, au kuongeza kidonge cha kutuliza mtetemo. Lakini lazima kwanza mtu aaminiwe. Nyumbani wengi huambiwa wanadeka. Hapa muuguzi aliandika kwenye daftari na kutaja siku ya daktari.

Nyuma ya jengo kuna matuta ya mchicha na banda la kuku, na hapo nikaikumbuka hospitali ya Lutindi. Ile iko juu milimani Usambara, upande wa Korogwe, mahali pa baridi na ukungu. Ilianzishwa mwaka 1896 na Wajerumani wa misheni kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri. Lutindi kazi ni sehemu ya tiba: chai, mashamba, karakana. Napenda wazo hilo, na papo hapo linanitia shaka, kwa sababu kati ya kazi inayomrudishia mtu mikono yake na kazi ya bure kwa mwenye nyumba pana uzi mwembamba tu. Kwa hiyo Kerege niliuliza mayai yanakwenda wapi. Mengine yanaliwa, nikajibiwa, mengine yanauzwa na fedha zinaingia kwenye matumizi ya nyumba. Je, anayelisha kuku anapata chochote? Msimamizi alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema hawajawahi kulifikiria hilo.

Mirembe ya Dodoma ni habari nyingine kabisa. Ilijengwa enzi za Mwingereza, 1927, na hadi leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, ikiwa na Isanga kwa ajili ya wale walioletwa na kesi za jinai. Huko kuna madaktari bingwa ambao Kerege haiwezi kuota. Lakini kwa mama wa Bagamoyo, Dodoma ni nauli, na nauli ndiyo inayoamua mgonjwa atatembelewa au hatatembelewa. Wakuu wa Mirembe wamelalamika hadharani zaidi ya mara moja kuhusu watu waliopata nafuu ambao ndugu hawaji kuwachukua. Wenzetu Kenya walikuwa na kisa kinyume chake: Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, Nairobi, hospitali iliyogeuzwa nyumba ya vichaa mwaka 1910. Watu walikichekea sana. Mimi nilijiuliza ni wangapi walifika nyumbani na kufunguliwa mlango.

Miaka iliyofuata Uhuru, Tanzania iliwahi kuwa na jibu la aina yake: vijiji vya wagonjwa, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti pembeni ya Dar es Salaam, ambako mtu alilima na kuishi na majirani kabla ya kurudi kwao. Nigeria ilikuwa imetangulia miaka ya 1950, pale Daktari Thomas Lambo alipowapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumhudumia. Hilo la ndugu ndilo lililonigusa zaidi. Kerege ndugu huja Jumapili, na ada hulipwa kwa simu.

Ada ndiyo kiini chenyewe. Hospitali ya serikali inakitaka kitanda chako, kwa hiyo inaweza kukutoa mapema mno. Nyumba ya kulipia inaitaka ada yako, kwa hiyo haina haraka. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtenganisha anayelazwa kwa ridhaa yake na anayelazwa bila ridhaa, lakini nilipouliza nani huamua kwamba huyu sasa anatoka, jibu lilikuwa "familia." Mkazi mwenyewe hakutajwa.

Msimamizi alinionyesha daftari la wanaoingia na wanaotoka. Safu ya pili ina mapengo mengi, naye hakuyaficha.

"Mwezi wa nne tangu mtu aingie, ndugu wanaanza kuchelewesha ada," alisema. "Mwezi wa sita namba haipatikani. Ukimpeleka kwao unakuta chumba chake kina mpangaji."

Nikamuuliza wanafanyaje.

"Sasa tunampeleka akalale kwao usiku mmoja mwezi wa pili, hata kama hajatulia vizuri. Chumba bado kiko wazi, na majirani wanamwona."