Kabla hujafunga kifurushi cha Noeli

Mtoto wa Ubelgiji akitaka kumwandikia Mtakatifu Nikola, mleta zawadi, anuani inajulikana: Rue du Paradis 1, 0612 Ciel. Hiyo 0612 ni tarehe ya sikukuu yenyewe, 6 Desemba, na posta hujibu barua hizo. Lakini barua huanzia kwenye katalogi. Msimu wa baridi ukikaribia, maduka ya vichezeo hujaza masanduku ya barua ya Brussels vijitabu vya picha. Watoto huchukua mkasi, hukata wanachokitamani, hukibandika kwenye karatasi. Wazazi nao husoma maandishi madogo: miaka 3 na kuendelea, miaka 6 na kuendelea, hukuza akili, hufundisha hesabu. Maandishi hayo ni ya mzazi. Mtoto yeye ameshapendezwa na rangi.

Kwetu Kisangani, Kongo, sikukuu ni nguo. Muulize mtoto wa mtaa wa Mangobo au wa Kabondo atapata nini Noeli, atakutajia viatu, gauni, suruali, na Bonane, yaani Mwaka Mpya, atavaa hizo hizo. Nimewasikia wenzetu wa huku Ubelgiji wakisema wazazi wa nyumbani hawajui kuchagua zawadi. Mimi sikubali. Ile nguo huonekana kanisani, hupigwa picha, hutembezwa kwa bibi na kwa wajomba, mwenye nayo akirudi na biskuti mkononi, kisha huvaliwa mwaka mzima. Mama mwenye watoto sita anajua hesabu yake. Kichezeo kwake huja kama pesa zimebaki: mwanasesere wa plastiki aliyetoka China, akapitia Kampala na Butembo, akavumilia barabara ya Mambasa na Bafwasende, halafu mkono ukamtoka hata Mwaka Mpya haujafika.

Hapo ndipo sisi wa ng'ambo tunapoingia na fedha zetu na aibu zetu. Nguo tunaona hazitoshi, tunataka kitu cha masomo, basi tunatuma tableti. Umeme wa Kisangani unategemea bwawa la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, na mji umekua mara nyingi tangu hapo. Tableti inataka umeme, inataka mega za intaneti, inataka mtu mzima wa kuiwekea programu. Aghalabu huishia mikononi mwa kaka mkubwa, anayeitumia kutazama mpira.

Kitu nilichokipenda Ubelgiji hakimo kwenye katalogi yoyote. Ni ludoteki, yaani maktaba ya michezo. Zipo katika mitaa mingi ya Brussels. Unaazima mchezo kwa ada ndogo, unakaa nao nyumbani, unaurudisha. Ukiurudisha, vipande huhesabiwa mbele yako na mbele ya mtoto, na karata moja ikikosekana mtaulizwa iko wapi. Mchezo mmoja hupita nyumba nyingi. Watoto wasiojuana hukaa meza moja, mmoja akimweleza mwenzake kanuni, na kueleza kanuni bila kugombana ni somo ambalo hata wakubwa wengi hatujalifaulu.

Wabelgiji wamelazimika kujenga nyumba na kuajiri watu ili wapate kile ambacho uani kwetu kipo bure. Mangola huchimbwa chini, mashimo na kokoto, na anayeicheza vizuri anahesabu zamu mbili mbele bila kalamu. Zanzibar wenzetu wana bao lenye kete 64. Dama huchezwa kwa vizibo vya bia, vya huku vimelala chali, vya kule kifudifudi. Wasichana wana nzango: makofi, kuruka, kurusha mguu, na pointi inategemea kama miguu ya wawili imelingana au imepishana. Anayeshinda ni yule aliyeusoma mpango wa mwenzake. Kampuni ya vichezeo ikiuweka mchezo huo kwenye sanduku, itaandika hukuza akili na kuuza ghali.

Lakini tusijidanganye kwa kusifu kwetu. Uani hakuna vitabu. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mtoto anaweza kumaliza mwaka bila kushika kitabu ambacho si cha shule. Hapo kifurushi chetu kina kazi.

Mdogo wangu wa Makiso aliniambia kwa simu: "Yaya, tuma kitu kimoja cha wote. Ukituma cha kila mmoja, mimi ndiye nitakayeamua kesi." Ushauri huo naufuata. Domino, karata, chaki nyingi na ubao. Kioo cha kukuzia, euro chache tu: Kisangani imezungukwa na msitu, Chuo Kikuu chake kina watafiti wanaochunguza viumbe wake, na mtoto wa Lubunga anaweza kuanza kazi hiyo kwa siafu wa nyuma ya jiko. Kwa wakubwa kidogo, katuni za Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, 1959. *Madame Livingstone*, aliyoichora kuhusu vita vya Ziwa Tanganyika, inafaa wanaokaribia kumaliza sekondari.

Kuna na zawadi isiyo na uzito. Katika jumba la sayansi asilia la Brussels, mbali na mifupa mikubwa ya iguanodon ambayo watoto huikimbilia, umehifadhiwa mfupa mdogo ambao Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 huko Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward. Una miaka kama 20,000, na una chale katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Wataalamu hawajakubaliana zilikuwa za nini. Zichore, zitume kwa WhatsApp, uwaulize watoto wa nyumbani kila moja ya safu hizo mbili inajumlishwa kuwa ngapi na kwa nini wanadhani iko hivyo. Mfupa ni wa Kongo, wana haki ya kuubishania.

Mizigo inayopanda mto kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700, kwa hiyo usingoje Desemba. Kabla hujafunga, piga simu uulize ni watoto wangapi watalala pale wakati wa likizo, si wangapi aliowazaa ndugu yako. Na nguo usiziondoe.