Jiwe Ambalo Eksirei Haikuliona

Maumivu ya jiwe la figo hayampi mtu nafasi ya kukaa. Miaka niliyopiga picha za wagonjwa hospitalini Nachingwea, na baadaye Ruangwa, niliwatambua wagonjwa hao kabla sijasoma fomu zao: anasimama, anachuchumaa, anaegemea ukuta, mkono kiunoni. Wengi walikuwa wakulima wanaoshinda mikorosheni juani na kidumu kimoja cha maji.

Nilifundishwa kuanza na eksirei, nami nikaiamini mno. Jiwe la kalisi huzuia mionzi kama mfupa, likatokea jeupe kwenye filamu. Nikiliona, niliandika. Nisipoliona, niliandika “hakuna jiwe”.

Ndivyo nilivyomwandikia mzee mmoja wa Ruangwa. Wiki tatu baadaye alirudi, amekonda.

“Mwanangu, picha yako ilisema sina kitu. Sasa kinachonichoma ni nini?”

Nilimlaza, nikampaka jeli ubavuni, nikapitisha kifaa cha altrasaundi. Figo ya kulia ilikuwa imevimba kidogo, na ndani yake doa linang'aa, nyuma ya doa kivuli cheusi kimenyooka. Jiwe hilo. Nililitazama nikaona aibu.

Daktari hakunikemea. Alitandika picha zote mbili mezani, akaniambia kuwa kutokubaliana kwa picha hizo ndiko kunakotupa habari: jiwe linaloonekana kwa altrasaundi lakini eksirei inalipita huenda ni la asidi ya yuriki. Na hilo, tofauti na la kalisi, laweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, bila kisu.

Mzee akapelekwa Mtwara kwa siti skani. Mashine hiyo hupima jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi, kwa kipimo chenye jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield: maji ni 0, mawe ya kalisi mara nyingi hupita 1,000, ya asidi ya yuriki kwa kawaida hayafiki 500. La mzee halikufika. Alimeza dawa, akanywa maji kwa bidii, na miezi michache baadaye nilipompima tena figo ilikuwa safi.

Tangu siku ile niliacha kuandika “hakuna jiwe”. Niliandika “jiwe halionekani kwa eksirei”, na chini yake, “apigwe altrasaundi”.

Nawe ukiambiwa picha yako ni safi na kiuno bado kinakuchoma, usirudi nyumbani kunyamaza. Omba altrasaundi.