Moduli Zisizopatikana

Python 3.7 ilipotoka mwaka 2018, kazi yangu ilikuwa kuijenga kutoka msimbo chanzo kwenye mashine za Linux. Unaendesha configure, kisha make, halafu maandishi yanamwagika skrini nzima. Sehemu kubwa ilikuwa majina ya faili za C. La maana lilikuja mwishoni: vinavyohitajika kujenga moduli hizi za hiari havikupatikana. Chini yake majina, kama _bz2, _ctypes na readline, na agizo la kwenda kutafuta ndani ya setup.py.

Ujenzi wenyewe haukukwama. Python ilipatikana na ikafanya kazi, ndiyo maana wengi waliupita ujumbe ule bila kuusoma.

Jina la _ctypes lilisumbua sana mwaka ule. Python 3.7 iliacha kubeba nakala yake ya libffi, maktaba inayotegemewa na _ctypes, kwa Linux, ikategemea ya mfumo. Ukitazama kwenye mashine, libffi ipo! Kilichokosekana ni ffi.h, faili ambayo kompaila huisoma ili ijue maktaba ina nini ndani yake. Kwenye Ubuntu faili hiyo huja na kifurushi tofauti, libffi-dev. Kwangu hapo ndipo ujumbe ulipoanza kueleweka: programu kuendeshwa ni jambo moja, kujengwa ni jingine.

Mwaka 2021 Python 3.10 ilidai OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi, na CentOS 7 ilikuwa na 1.0.2. Ujenzi uliisha salama, lakini moduli ya ssl haikuwepo, na pip haikuweza kupakua chochote kwa https.

Kisha setup.py ikaondolewa, katika 3.12 ya mwaka 2023. Sasa configure yenyewe hutaja hali ya kila moduli mapema, na ujumbe wa mwisho hukuelekeza kwenye config.log. Nayapenda sana mabadiliko haya. Ndani ya config.log, kwa _bz2 kwa mfano, unaiona programu ndogo ya majaribio inayoita bzlib.h, na jibu la kompaila kwamba faili hiyo haipo. Hakuna tena kubahatisha.

Ila zamani ulisakinisha kifurushi kilichokosekana ukarudia make tu. Siku hizi ukishaongeza kifurushi, anza tena na configure, la sivyo make itaendelea kufuata majibu ya zamani.