Kamshafti na Wenzake

Nguvu hutamaniwa na wengi, lakini gharama yake hufahamiwa na wachache. Atakaye kubeba mzigo mkubwa hana budi kuuliza kwanza habari za mabega. Kanuni hii hutajwa sana katika malezi na katika utawala. Lakini mahali inapoonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono ni gereji ya Temeke, chini ya paa la mabati, mbele ya injini iliyofunuliwa.

Kijana mmoja wa Kinondoni alipeleka huko gari lake, Corolla kuukuu yenye injini ya 4A-GE, aina ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1983: lita 1.6, valvu 16, kamshafti mbili. Mkononi alikuwa na kamshafti mbili za mashindano, alizozinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Fundi mzee alizipokea kwa heshima, akazipima kwa vernia, kisha akauliza:

“Na springi zake ziko wapi, mwanangu?”

“Si zile zilizomo ndani, mzee?”

Fundi hakucheka. Kamshafti ni mhimili wenye nundu. Kila nundu ikipita huisukuma valvu ifunguke, na springi huirudisha ifunge. Nundu ndefu huifungua valvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, injini ikavuta hewa nyingi na kutoa nguvu katika mwendo wa kasi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Ikifika 8,000, nguvu inayohitajika kuirudisha valvu hukaribia mara mbili, ingawa mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu. Springi iliyochoka huchelewa. Valvu hubaki wazi pistoni inapopanda, na vyuma viwili hukutana mahali pasipostahili.

Hata hivyo springi ngumu kupita kiasi si dawa. Hiyo hukwaruza nundu, huongeza joto, na hula nguvu ile ile iliyotafutwa. Inayofaa ni ile iliyokusudiwa kwa kamshafti hiyo hiyo, na hata hiyo haiaminiwi kwa sura. Fundi aliweka mizani ya kupimia uzito chini ya mashine ya kutobolea, akazikandamiza springi za zamani moja moja kwa kimo kimoja, akisoma kilo. Zilitofautiana kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Tena zikibanwa kwa kadiri ya nundu mpya, mizunguko yake iligusana kabla valvu haijafunguka kabisa.

Palikuwa na jambo la pili. Katika injini hiyo kipande cha shimu hukaa juu ya tapeti. Nundu ndefu ikizunguka kwa kasi yaweza kukichomoa na kukitupa kando, kikaharibu kila kilicho karibu. Kwa hiyo zilihitajika tapeti ambazo shimu hukaa chini yake. La tatu lilikuwa nafasi baina ya valvu na pistoni: hubandikwa udongo laini juu ya pistoni, injini ikazungushwa kwa mkono, kisha udongo ukakatwa na kupimwa unene. Mafundi wengi huacha kama milimita 2 upande wa kuingizia, na 2 na nusu upande wa kutolea, kwa kuwa valvu ya kutolea hupata moto zaidi na kurefuka.

Kijana aliposikia hesabu ya springi, tapeti na sili mpya alikasirika. Alisema yuko fundi mwingine aliyeahidi kumaliza kazi kwa siku moja. Mzee hakubishana naye. Alivuta mtoto wa meza akatoa valvu iliyopinda. Ilikuwa ya mteja wake wa ujanani, aliyemfungia kamshafti mpya juu ya springi za zamani bila kupima. Injini ile aliilipa kwa miaka miwili.

Afrika Mashariki imepata somo hili hadharani. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mshindi alikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katika matope yale, gari lililofika lilikuwa na thamani kuliko lililokwenda mbio likaishia njiani.

Kijana aliigeuzageuza valvu ile kwa muda mrefu. Kisha akazifunga kamshafti zake katika kitambaa chenye oili, akauliza bei ya springi peke yake, akaiandika. Gari lilirudi Kinondoni na nguvu zake za zamani. Nguvu mpya zilisubiri juu ya kabati, na kusubiri hakukuzipunguza. Mtu asiyeweza kungoja wahimili wa nguvu zake hajazipata bado, hata kama amezilipia.