Kuanzisha Huduma na Kuiandika Katika Ratiba

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwanafunzi wa kompyuta, na mwalimu wake pia, ni amri mbili zinazofanana kama ndugu: start na enable. Huku Kisaki tulilazimika kuifundisha tofauti yake mapema, kwa sababu ya umeme.

Shule tuliyofundisha ilikuwa na kompyuta moja ya Debian iliyohifadhi Wikipedia ya Kiswahili, ipate kusomwa darasani bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Programu ya namna hii hutumika kimyakimya, bila dirisha lake kwenye kioo, nayo huitwa huduma. Msimamizi wa huduma zote ni systemd, ambayo ilianza mwaka 2010 na kupokewa na Debian katika toleo la 8 mwaka 2015.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri, lakini kurasa hazikufunguka, na somo la Darasa la Tano juu ya mito likakwama. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona jana ilikuwapo?"

Swali hilo lilitufaa kuliko orodha yoyote ya amri ubaoni. Hatukulijibu. Tuliwataka waiulize kompyuta yenyewe, wakachapa:

systemctl status kiwix

Walisoma maneno mawili: inactive, yaani haifanyi kazi sasa, na disabled, yaani haikuagizwa kuanza kompyuta inapowashwa. Hapa Kiswahili chahitaji uangalifu. Enable hutafsiriwa "wezesha", na mtoto hudhani kwamba huduma iliyo disabled haina uwezo. Sivyo, yaweza kuanzishwa wakati wowote. Basi tukaiacha tafsiri hiyo, tukageukia stesheni. Watoto wa Kisaki wanaifahamu reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Wanajua kwamba treni kuruhusiwa kuondoka leo ni jambo moja, na kuandikwa katika ratiba ni jingine. Start huiondosha leo. Enable huiandika katika ratiba, wala haiiondoshi papo hapo.

Wakachapa zote mbili, kila moja ikitanguliwa na sudo, kwani kuuliza hali ni ruhusa kwa kila mtu, bali kuamuru kwahitaji mamlaka. (Hili liliwafurahisha mno, wiki nzima viranja walitanguliza sudo katika kila agizo.)

Kurasa zilifunguka, lakini hilo lilithibitisha amri ya kwanza tu. Ili kuipima ya pili tuliizima kompyuta, tukaiwasha, na tukakataza mtu yeyote asiguse kibodi. Darasa lilikaa kimya kuliko siku ya mtihani. Kurasa zilipofunguka zenyewe, yule aliyeuliza aliomba chaki. Mwalimu aliyezijua amri zile alikuwa mmoja tu, naye alikwisha pata barua ya uhamisho. Basi mtoto akaziandika zote tatu ndani ya mlango wa kabati la vitabu, status ikiwa juu.