Barua kutoka Bavaria: Uji Mtupu wa Peramiho

Mtoto wa Kijerumani anapoanza kula, mlo wake wa kwanza si uji. Ni mboga, viazi na nyama, vilivyochemshwa hadi vikalainika na kupondwa pamoja. Mpango wa chakula wa taasisi ya utafiti wa lishe ya watoto ya Dortmund, unaofuatwa sana nchini humo, unataja hata vipimo vya mlo mmoja: mboga gramu 90 hadi 100, viazi gramu 40 hadi 60, nyama gramu 20 hadi 30, na mafuta ya kula kijiko kimoja. Uji wa maziwa huja mwezi mmoja baadaye, na ule wa nafaka na matunda hufuata mwezi mwingine. Nyama imetangulizwa kwa sababu akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huwa imepungua sana akifikisha miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuijaza tena.

Peramiho, mkoani Ruvuma, na Bavaria zinajuana tangu 1898, Wabenediktini wa St. Ottilien ya Bavaria walipofungua misheni Peramiho. Mwana wa Peramiho anayeishi Bavaria leo akipiga simu nyumbani kuuliza mjukuu mpya anakula nini, huambiwa kwa furaha kwamba anakunywa uji, tena anamaliza kikombe. Uji wa nini? Wa mahindi. Umetiwa nini? Sukari. Furaha hiyo ndiyo inayoudhi.

Inaudhi kwa sababu Ruvuma ni mkoa wa shibe. Mahindi yake hununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta watoto 44 kati ya kila 100 wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti wa 2022 ulikuta 36, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Hatua imepigwa na wauguzi wa kliniki wanastahili pongezi, lakini mkoa unaouza chakula hauna sababu ya kuwa juu ya wastani kwa udumavu. Tatizo ni sahani yenye chakula cha aina moja. Kitaifa, mwaka huohuo wa 2022, ni mtoto mmoja tu kati ya watano wenye umri wa miezi 6 hadi 23 aliyekula vyakula vya makundi ya kutosha kwa siku.

Uji mwepesi una maji mengi na nguvu kidogo. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo. Likijaa maji ya uji, mtoto analala ameshiba bila kupata cha kumkuza. Akipewa uji mzito, anashindwa kumeza. Tatizo hili la pande mbili lina dawa, nayo iko Ruvuma tangu zamani: kimea. Ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa, una vimeng'enya vinavyovunja wanga, na kijiko kidogo chake kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo huufanya ulainike bila kuongeza maji. Kila bibi anayepika togwa, yaani uji unaochachushwa kwa kimea, anaijua kazi hiyo. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden waliichunguza kisayansi, na katika utafiti wao wa vijijini uliochapishwa 1994 watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Inasikitisha kwamba togwa huandaliwa kwa bidii yote kwa ajili ya wageni wa harusi, halafu mtoto wa nyumba hiyohiyo akakorogewa maji ya sembe.

Kwa kunyonyesha, Bavaria haina cha kuifundisha Peramiho. Akina mama wengi wa Ujerumani huacha kabla mtoto hajatimiza mwaka, na kwa uhaba wa jua watoto wao hupewa vitamini D kila siku. Nyumbani jua ni la bure na mtoto hunyonya hadi atembee. Faida hiyo huharibiwa na haraka: maji na uji vinaingizwa mwezi wa tatu, eti maziwa hayamtoshi. Maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara nyingi, na hupungua tumbo lake linapojazwa vitu vingine.

Baada ya miezi sita, chakula cha Dortmund kinapikika Peramiho bila kununua kitu cha kigeni. Boga au majani yake, viazi vitamu, maharage yaliyomenywa, karanga safi zilizosagwa, parachichi, na usipa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa na kutwangwa vinatosha. Karanga au mahindi yenye ukungu yatupwe, kwa kuwa sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni. Soya ichemshwe kabla ya kusagwa. Unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano na uwele kwa pamoja ni nafaka nne tu. Haujawa mchanganyiko wa makundi ya chakula. Yai apewe mtoto badala ya kuuzwa lote: ile imani kwamba litamchelewesha kusema haina msingi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka apate nyama, samaki au yai kila siku. Asali isubiri mwaka utimie. Milo iwe miwili au mitatu kwa siku mwanzoni, kisha mitatu au minne kuanzia miezi tisa, na kunyonya kuendelee.

Linabaki suala la muda. Mzazi mwajiriwa wa Ujerumani anaruhusiwa likizo ya malezi hadi miaka mitatu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku kazini. Mkulima hana mwajiri wa kumdai hayo. Mvua za Desemba zikianza, mama huwahi shambani na mtoto hubaki na dada yake wa miaka minane, mwenye sufuria ya uji wa asubuhi. Likizo ya mama huyo iko mikononi mwa mumewe na mama mkwe: mmoja abaki nyumbani kwa zamu, au mtoto apelekwe shambani na chakula chake kibichi, kipikwe hukohuko mchana.