Ushahidi Kwanza, Maoni Baadaye

Linux niliianza mwaka 2006, nikiwa fundi kijana wa kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam. Siku hizo Ubuntu, mfumo wa Linux ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeuomba, nami nikaletewa CD zangu. Mkongo wa baharini wa Seacom ulikuwa bado. Uliwashwa Julai 2009. Intaneti tuliipata kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, kwa hiyo majibu niliyatafuta mlemle ndani ya mashine: kwenye kurasa za mwongozo zinazokuja na mfumo, na kwenye faili za kumbukumbu zilizo chini ya /var/log, ambako programu huandika zilichofanya na kilichozishinda. Huko ndiko nilikojifunzia kazi yangu. Fundi anayekimbilia kuzima na kuwasha anaweza kuondoa dalili, lakini mara nyingi huondoa na ushahidi.

Nakumbuka seva ya matokeo ya chuo kimoja. Kijana wa zamu alinipigia: “Dada, inakataa kuandika. Inasema diski imejaa, lakini nikiangalia naona nusu nzima iko wazi.” Nikamwambia aandike df -i. Safu ya asilimia ya inodi zilizotumika ikasoma 100. Katika mfumo wa faili wa ext4, kila faili hushika inodi moja, rekodi ndogo inayotunza mmiliki wa faili, ruhusa zake na mahali data zake zilipo. Idadi ya inodi hupangwa wakati diski inaandaliwa. Zikiisha, huwezi kuongeza faili hata kama nafasi imebaki tele. Programu ya tovuti ilikuwa ikiacha kifaili kimoja kila mwanafunzi alipoingia, na hakuna aliyevifuta. Tukaondoa vya zamani, tukaipa cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, kazi ya kuvifagia kila usiku. Kijana alikuwa ameshaanza kuulizia bei za diski mpya.

Baadaye nikaanza kualikwa redioni kuchambua habari za teknolojia, nikakuta nidhamu inayotakiwa ni ileile. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia hadi akafika kwenye xz, programu ya kubana data, akakuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yametiwa mlango wa siri. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amejijengea imani kwa miaka zaidi ya miwili katika mradi uliotegemea mtu mmoja wa kujitolea. Wasikilizaji waliuliza kama Linux bado ni salama. Niliwaambia kwamba msimbo ulio wazi ndio uliomwezesha Freund kufuata nyayo hadi mwisho, na kwamba hatari kubwa ni kuwaachia wachache wabebe mzigo wa dunia nzima bila msaada.

Tarehe 12 Mei mwaka huohuo intaneti ikadorora nchini kote. Simu zikamiminika studio: tumefungiwa? Swali lilikuwa na msingi, maana watu hawajasahau mitandao ya kijamii ilivyozuiwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Kabla ya kujibu nilipima kwa traceroute, amri inayoonyesha njia ambayo pakiti za data hupitia. Seva zilizopo Dar es Salaam zilijibu papo hapo. Pakiti za kwenda nje zilipotelea njiani, bila kuchagua tovuti. Hilo lilielekeza kwenye njia za baharini, na ndivyo ilivyokuwa: mikongo ya EASSy na Seacom ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini.

Sasa nafundisha vijana, na somo la kwanza ni kusoma kumbukumbu kabla ya kugusa chochote. Lakini juhudi zao hazitoshi. Ofisi, benki na vyuo vyetu vinaendesha kazi zao kwa programu huria visizolipia leseni. Basi viwape mafundi wao muda wa kazi, unaolipwa, wa kuandika ripoti za kasoro na kurudisha marekebisho kwa waliotengeneza programu hizo. Tukiishia kuchukua tu, tutakuwa tunawaachia watu waliochoka ulinzi wa seva zetu wenyewe.